Wasiwasi ukipanda, mimi huanza kwa kutoa pumzi

Mtu akishikwa na wasiwasi huambiwa, "Vuta pumzi ndefu." Kwangu ushauri huo ulizidisha hali, na sababu yake iko wazi. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupifupi, za juu kifuani. Ukipumua hivyo kwa muda, kaboni dayoksaidi hupungua mno kwenye damu. Ndipo midomo na vidole vinapokufa ganzi, kichwa kinazunguka, na unahisi hupati hewa ilhali unayo tele. Ukizidi kuvuta kwa nguvu, unaipunguza zaidi hiyo kaboni dayoksaidi.

Kwa hiyo naanza kwa kutoa. Natoa polepole, midomo nimeikunja kama anayepoza chai ya moto, mpaka tumbo liingie ndani. Kisha naiacha hewa iingie puani huku nahesabu hadi 4, natoa tena nikihesabu hadi 6. Mkono mmoja uko kifuani, mwingine kitovuni. Wa chini ndio unaotakiwa kusogea. Hesabu hiyo ikikubana, shuka 3 kwa 5. Muhimu kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa kuwa tunapotoa pumzi ndipo moyo hupunguza kasi. Dakika 5 zinatosha. Kizunguzungu kikija, ujue unavuta nyingi mno: punguza kiasi.

Lakini kwenye basi la mwendokasi la jioni hapa Dar es Salaam, kutoka Kivukoni kwenda Kimara, umesimama, umebanwa, jasho linakutoka, nani atafumba macho na kushika tumbo? Hapo nahamia kwenye nyayo. Nasikia kisigino kinavyokandamiza kiatu, kisha ukingo wa unyayo, kisha vidole kimoja kimoja. Halafu bomba nililoshika, kama ni la baridi au la moto. Halafu sauti: injini, mlango, watu wanaoongea, bila kuamua ipi inakera. Njia hii inawafaa pia wale ambao kuifuatilia pumzi kwenyewe kunawatia hofu. Wapo, wala si wachache wa kupuuzwa.

Akili itakimbilia kodi ya nyumba au meseji ya bosi. Nasema kimoyomoyo, "nawaza," narudi kwenye nyayo. Wengi huachia hapa wakidhani wameshindwa, na inaniuma, maana huko kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Tena lifanye siku umetulia. Mwili uliokwisha kujaa hofu haujifunzi jipya kirahisi. Unashika kile ulichozoea. Mimi hulifanya alfajiri kabla ya kugusa simu. Mafunzo ya umakinifu, yaani kuirudisha akili kwenye kinachotokea sasa, aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 huchukua wiki 8, kwa hiyo usilihukumu zoezi kwa siku tatu.

Kahawa nayo uiangalie. Kwa watu wengi, nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa 5 hivi. Kikombe cha kijiweni cha saa 11 jioni bado kinakusukuma saa 4 usiku, nawe unadhani ni mawazo.

Moyo kwenda mbio mara kwa mara, kupungua uzito au mikono kutetemeka kunaweza kutokana na tezi ya shingo. Upungufu wa damu nao huharakisha moyo. Omba upimwe vyote viwili. Maumivu ya kifua yanayopanda tayani au kushuka mkononi ni ya kukimbizwa hospitali mara moja. Na kama wasiwasi umekuzuia kulala au kwenda kazini kwa wiki kadhaa, hospitali ya Muhimbili kuna wataalamu wa afya ya akili. Waeleze unaanza saa ngapi, unadumu muda gani na ulikuwa umekula au kunywa nini.