Nilivyofanikiwa kupima ugumu wa seli moja ya damu

Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaokakamaza seli nyekundu za damu. Nimekua nikimwona akijikunja kwa maumivu usiku, mama akimkanda miguu. Nilipofika Ujerumani kusoma biofizikia na kuulizwa ningependa kupima nini, sikusita: ugumu wa seli nyekundu, moja moja.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unavuta mrija wa kioo kwenye joto mpaka ncha yake ibaki na tundu la mikromita (elfu za milimita) moja na nusu hivi. Seli ina upana wa mikromita 8. Unaifuata chini ya hadubini, unafyonza kidogo, na utando wake unaingia tunduni kama ulimi. Seli laini hutoa ulimi mrefu, iliyokakamaa hutoa mfupi. Kinachofyonza ni tangi dogo la maji lililounganishwa kwa mpira na mrija huo, yaani pipeti: ukilishusha milimita 1, umepata mvuto wa takriban paskali 10. Seli yenye afya haidai zaidi ya milimita chache.

Wiki tatu za mwanzo sikupata kipimo hata kimoja cha kuaminika. Seli ziliota miiba huku nazitazama, kama shokishoki. Nikadhani damu imeharibika, nikaomba nyingine, ikawa yale yale. Fundi wa maabara ndiye aliyenifumbua macho: kioo kitupu huyafanya maji yanayokigusa yawe na alikali zaidi, na seli haivumilii hilo. Tukasuuza vioo na pipeti kwa albumini, protini ya damu. Miiba ikaisha, na seli zikaacha kunata.

Kosa la pili nililigundua mwenyewe. Kisahani changu kilikuwa wazi. Maji yakivukizwa chumvi inakolea, seli zinasinyaa na kukaza. Kumbe nilikuwa napima uvukizi! Siku hizi nabadilisha maji mara kwa mara, na kabla ya kila seli natafuta sifuri: natazama vumbi lililo ndani ya pipeti, napandisha na kushusha tangi taratibu mpaka chembe zake zitulie tuli.

Ikafika zamu ya damu ya selimundu. Penye oksijeni, nyingi zilitoa ulimi vizuri. Tulipoiondoa oksijeni, nilishusha tangi, nikashusha tena, ulimi hautoki.

Sasa najifunza upande wa umeme, yaani kupima kwa pipeti mkondo unaopita kwenye utando wa seli, kwa njia ambayo wanasayansi Erwin Neher na Bert Sakmann waliionyesha Göttingen mwaka 1976. Seli hizi zikikosa oksijeni huingiza kalsiamu, nayo hufungua milango ya potasiamu. Potasiamu ikitoka, maji hufuata, himoglobini, protini inayobeba oksijeni, inabanana na seli inazidi kukauka. Mkondo unaopita hapo ni wa pikoampia tu (sehemu za trilioni za ampia), kwa hiyo mdomo wa pipeti lazima ushikamane na utando hadi ukinzani uvuke gigaomu 1, yaani omu bilioni moja. Katika seli kumi napata mbili.

Jumapili nilimtumia mdogo wangu video ya ile iliyogoma.

"Kaka, ndiyo inayoniumiza hii?"

Nikamwambia ndiyo, za namna hiyo. Akaiangalia tena.

"Mbona ndogo hivyo?"