Polisi wa Caragiale kaninyima usingizi

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya polisi mmoja wa Romania. Anaitwa Pristanda, yumo katika O scrisoare pierdută, komedia ya Ion Luca Caragiale iliyochezwa mara ya kwanza Bucharest mwaka 1884. Barua ya mapenzi imepotea, uchaguzi uko mlangoni, mji mzima wa mkoani unatokota. Pristanda analia njaa: familia kubwa, mshahara mdogo. Ila hasemi familie wala remunerație. Anasema famelie, anasema renumerație, na Waromania wanavunjika mbavu.

Rafiki yangu Mromania anaitafsiri kwa Kiingereza, na kwa kuwa nami nakula kwa kutafsiri, hunisomea rasimu kwa simu. Neno la pili halikumtesa, maana Waingereza wenyewe hulikosea vilevile. La kwanza ndilo lililomkwamisha. Akasema: nimpe lafudhi ya London mashariki, ile ya watu wa chini?

Nikalijaribu kwa Kiswahili. "Famelia kubwa, malupulupu madogo." Nilicheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikakauka. R ikishageuka L, msomaji wetu anaanza kumtafutia polisi kabila. Na Pristanda hakosei kwa sababu ya alikozaliwa. Anakosea kwa kuyarukia maneno ya wakubwa yasiyomkaa mdomoni, kama suti ya kuazima. Ukimpa lafudhi ya London, umemwachisha kazi Romania.

Wapo waliohamisha mchezo mzima, na ukapendeza. Liliom ya Mhungari Ferenc Molnár, ya mwaka 1909, ilitoka kwenye bembea za kuzunguka za Budapest. Mwaka 1945 Wamarekani wakaigeuza Carousel, mchezo wa nyimbo kwenye pwani ya Maine. Lakini pale kila mtu alijua nyumba imehamwa.

(Kihungari, kwa njia, kina ő, ndugu wa yeye wetu: hakisemi mke wala mume. Mwingereza hulazimika kuchagua hata pale mwandishi alipotaka kuficha. Hapo sisi tungepita tunapiga mluzi.)

Asubuhi nimemwandikia: achana na lafudhi, mtafutie neno kubwa la ofisini alivunje mwenyewe.

Kajibu: "Lipi?"

Sasa ni saa kumi jioni, chai imepoa, na bado sina la kumjibu.