Hati iko kwa jina la nani?

Nimerudi Amu, yaani Lamu, na safari hii si ya Idi wala ya Maulidi. Nimerudi na masanduku yote, baada ya miaka kumi na sita Nairobi, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiuza fleti Kilimani na Kileleshwa. Boti ilipotoka Mokowe na mji ukaanza kuonekana, machozi yalinitoka. Nahodha akatazama upande mwingine, Mungu amjazi.

Siku ya pili watu wakaanza kuja kunisalimu, na kila aliyeketi dakani, barazani pa mlangoni, kwa shangazi alikuwa na swali lilelile: fleti za Nairobi vipi? Aliyenishika zaidi ni kaka yangu mkubwa. Kuna dalali amemletea mteja wa nyumba ya babu, kule Mkomani, naye kaka ameshapiga hesabu: tuiuze, tununue fleti mbili Kilimani, kodi tugawane ndugu watano. "Si ndiyo kazi yako hiyo? Tuongoze." Namjibu hapa, maana si yeye peke yake anayefikiri hivyo.

Kaka, Kilimani niliyoikuta mimi bado ilikuwa na nyumba za chini zenye bustani na miti mikubwa. Kiwanja kimoja cha namna ile leo kinabeba jengo la ghorofa kumi na tano au zaidi. Ardhi ni ghali, na mjenzi hurudisha pesa yake kwa kurundika fleti ndogo ndogo: studio, chumba kimoja, vyumba viwili. Jirani naye anafanya vivyo hivyo. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilihesabu majengo saba kwenye barabara moja, yote yakiuza fleti za aina moja, yote yakimtafuta mnunuzi yuleyule.

Na mnunuzi huyo ni nani? Nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba ya benki ni kama 30,000 tu. Kwa hiyo soko linasimama kwa pesa taslimu na malipo ya awamu: wafanyabiashara, na wenzetu walioko ughaibuni. Pesa taslimu ina miguu. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na mwezi huohuo serikali ikauza dhamana za miundombinu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zenye faida ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, bila ushuru. Wateja wangu watatu waliokuwa wamechagua fleti, mmoja mpaka rangi ya makabati ya jikoni, waliacha kupokea simu. Riba ya Benki Kuu imeshuka tangu hapo, 2025 ikafika chini ya asilimia 10, lakini benki za kawaida hazikushusha zao kwa kasi hiyo.

Sasa fleti moja, kwa namba za soko nililolijua. Tuseme umeinunua kwa milioni 9. Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, na ada ya wakili. Unapangisha kwa 60,000 kwa mwezi, na miezi miwili ya mwaka inakaa tupu, maana mpangaji ana majengo mengine saba ya kuchagua. Unabaki na 600,000. Toa ada ya jengo, yaani lifti, walinzi, maji na jenereta, 8,000 kila mwezi: 96,000. Toa asilimia 10 ya wakala anayekusanya kodi kwa sababu wewe uko Lamu: 60,000. Toa ushuru wa kodi ya nyumba, asilimia 7.5 tangu 2024: 45,000. Imebaki 399,000. Igawe kwa ndugu watano, kaka, kisha uniambie kila mmoja amepata nini kwa mwezi. Na ukitaka kuiuza baadaye kwa faida, ushuru wa faida hiyo ulipanda 2023 kutoka asilimia 5 hadi 15.

Bei, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Mimi mwenyewe niliumia kwingine. Nilinunua kwenye ramani, kabla jengo halijasimama, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Nililipa amana na awamu kwa miaka mitatu, jumla milioni 2.4, akiba yangu yote. Jengo likakwama ghorofa ya sita. Nilikuwa nikipita pale asubuhi nikienda kazini, naona vyuma vinaota kutu, na mti wa mpapai umemea pale palipochorwa bwawa la kuogelea. Nilirejeshewa nusu, kidogo kidogo. Nilipomtafuta wakili, kwa kuchelewa, aligundua ardhi ile haikuwahi kuwa kwa jina la kampuni ile. Nilisaini kwa kuiamini picha.

Sheria ya umiliki wa fleti ya mwaka 2020 imesaidia. Zamani mnunuzi wa fleti alipewa mkataba wa kukodishwa kwa miaka mingi, na hati mama ya kiwanja ikabaki kwingine. Sasa kila fleti inaweza kupata hati yake yenyewe, na wenye fleti wakaunda shirika lao la kuendesha jengo. Waamu hatushangai mtu akimiliki chumba kilicho hewani. Wikio la nyumba ya babu limevuka kichochoro mpaka kwenye ukuta wa jirani, punda wanapita chini yake, na kila mtu anajua ni la nani. Ila majengo mengi ya zamani hayajabadilishiwa hati, na asiyeuliza haambiwi.

Jana usiku tulikaa na kaka ndani ya nyumba yenyewe. Nilikuwa nimesahau wembamba wa vyumba vyake. Upana wake unakatwa na urefu wa boriti ya mkoko, haiwezi kuzidi, ndiyo maana msana, ukumbi wa ndani, ni mrefu mwembamba kama jahazi. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, bado kuna alama za moshi wa taa ya bibi. Boriti mbili zimeoza, chokaa inamwagika, na kuitengeneza ni gharama ambayo hakuna kati yetu aliyeitoa kwa miaka ishirini. Kaka hasukumwi na tamaa. Ana watoto wanne shuleni, na ni yeye aliyebaki hapa sisi tulipoondoka.

Nilimsomea hesabu yote. Akanyamaza, kisha akasema mteja anasubiri jibu. Shangazi alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hakuinua macho.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema. "Na hati yetu, i kwa ina la nani?"

Tukatazamana na kaka. Tulifungua sanduku la babu tukaikuta ndani ya bahasha ya kaki, imeandikwa kwa jina lake, na babu alifariki 1983. Mirathi haijagawanywa hata mara moja. Baba alikufa akiwa mrithi, na shangazi anayesuka ukili mbele yetu ana fungu lake ambalo hakuna aliyelitaja, si dalali, si kaka, si mimi.

Nimempigia dalali kumwambia asubiri. Jumatatu tunakwenda kwa kadhi, shangazi akiwa mbele, na cheti cha kifo cha babu.