Kipande cha Siku 30: Nilivyoandika Tasnifu Yangu ya Historia

Nilipoanza masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikuwa mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, na andiko langu la kwanza lilikusudia kueleza historia yote ya mkonge, tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasalimika 62 tu, hadi mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Msimamizi wangu alilisoma, akaniuliza ninatarajia kuishi miaka mingapi. Siku ile nilichukia, ingawa sasa nami huwauliza wanafunzi swali hilo hilo. Baada ya miezi saba ya kupunguza nilibaki na manamba, yaani vibarua wa mkataba, hasa wale walioletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 ili kuwatafuta watu katika mikoa ya mbali kama Kigoma.

Likizo za shule nilizimalizia Nyaraka za Taifa, Upanga. Kosa langu kubwa lilikuwa kunakili kila kilichonipendeza bila kuandika namba ya jalada. Nilijaza madaftari tisa, kisha likizo nzima iliyofuata ikapotea katika kutafuta nilikoyatoa hayo yote. Tangu hapo kila ukurasa ulianza kwa namba ya jalada na tarehe, na kila jioni, kabla sijala, niliandika nusu ukurasa kueleza nilichodhani kimesemwa na nyaraka za siku hiyo. Nusu kurasa hizo ndizo zilizozaa sura ya pili, kwa kuwa mwalimu mwenye vipindi 26 kwa wiki hapati muda wa kukaa na kuandika sura kwa mkupuo mmoja.

Katika majalada ya serikali ya kikoloni neno lililojirudia ni utoro, nami nikalipokea kama lilivyo. Nilikwenda vijijini Korogwe nikiwa na maswali 34, mengi yakiuliza kwa nini vibarua walitoroka. Mzee mmoja, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, aliyasikiliza kwa upole kisha akasema, "Mwalimu, unasema siku. Siku za kalenda au za kipande?" Nilipokosa jibu aliomba kalamu, akachukua nakala ya kibali changu cha utafiti, akaigeuza na kuchora vyumba 30 vidogo. Hicho ndicho kipande, kadi ya kazi ya kibarua: chumba kilitiwa alama pale tu alipomaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo. Akiugua, au akishindwa kuimaliza, chumba kilibaki wazi, na mshahara ulisubiri vyumba vyote vijae. Mwezi wa kipande ungeweza kuwa wiki sita za kalenda, au zaidi. "Mimi niliondoka nikiwa na siku 21," alisema, "na hizo hawakunilipa. Sasa mtoro ni nani?"

Nilirudi nyumbani nikafuta maswali 20. Majalada niliyasoma upya, safari hii nikitafuta palipotajwa kipande, na mashauri kadhaa niliyokuwa nimeyaweka chini ya utoro yakaonekana kuwa ugomvi wa kuhesabu siku. Sura niliyokuwa nimeiandika mwaka mzima niliitupa, nayo ikaniuma kuliko ada.

Ugumu wa mwisho ulikuwa wa lugha. Mahojiano yote yalifanyika kwa Kiswahili, lakini tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, na mtahini mmoja alitaka neno kipande litafsiriwe kila linapotokea. Kadi, hati na mkataba, kila moja ilibeba sehemu tu ya maana yake, wala haikuonyesha kwamba kitu hicho hicho kilipima kazi, muda na fedha kwa pamoja. Niliomba neno libaki, kwa sharti la kulieleza mara moja mwanzoni, katika ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulinichukua wiki tatu, na mchoro wa yule mzee, wenye muhuri wa kibali unaoonekana kwa nyuma, umo katikati yake.