Majina ya Nasaba za Bakteria

Katika friza ya maabara ninamofanyia kazi hapa Malindi, kuna kichupa chenye maandishi Escherichia coli ATCC 25922. Sehemu ya kwanza ni jenasi, iliyopewa jina la daktari Theodor Escherich, na ya pili ni spishi. Majina hayo mawili yana kanuni za kimataifa. Nasaba, yaani kizazi kimoja kilichotengwa kutoka sampuli moja, haina kanuni kali kama hizo: aliyeitenga huipa herufi na namba apendazo, na hifadhi ya vimelea huongeza namba yake, kama hiyo 25922 ya ATCC, hifadhi ya Marekani. Namba hiyo ndiyo inayotuhakikishia kwamba kidonge cha karatasi chenye ampisilini, dawa ya kuua bakteria, kitaacha duara tupu lisiloota bakteria, lenye kipenyo cha milimita 15 hadi 22, kwenye sahani ya agari (rojo la kuoteshea bakteria), iwe Malindi au London. Likipungua au kuzidi, majibu ya wagonjwa hayatoki.

Jina linalonigusa zaidi ni El Tor, la aina ya vimelea vya kipindupindu, lililotokana na karantini ya mji wa El Tor, Sinai, ambako vimelea hivyo vilitengwa mwaka 1905 kutoka kwa mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka. Mji ule haukuwa na kosa lolote, ila jina limeugandama. Kwa hiyo, japo namba hazina ladha, mimi nazipendelea. O157:H7, jina la aina mojawapo ya E. coli, kwa mfano, hutaja tu antijeni (alama zinazotambuliwa na kinga ya mwili) za ukuta wa seli na za mkia wake, na haimwaibishi mtu.