Udi Isiyolia

Nimerudi Unguja baada ya miaka mingi ya Uingereza, na kabla sijagusa habari ya hoteli, bei za vyumba na msongamano wa Darajani, niseme hili. Ile karakana ya vichochoroni kwetu iliyokuwa ikitengeneza udi, ala ya nyuzi ya taarabu, sasa ni duka linalouza udi za kutundika ukutani.

Nimeishika moja kwa mikono yangu. Tumbo la mkangazi, vanishi inang'aa hadi unajiona uso, tundu limekatwa nakshi safi kabisa. Nikataka kukaza uzi mmoja nisikie sauti. Ufunguo haukugeuka. Nikajaribu wa pili, wa tatu, nikazunguka zote 11. Zimegandishwa kwa gundi! Nyuzi zenyewe ni mshipi wa kuvulia samaki. Nikaupiga uso wa udi, ule ubao wa mbele, kwa ncha ya kidole, ukajibu kama meza. Kijana wa dukani, mpole na mwenye adabu zake, akaniambia, "Hiyo ya pambo, ami. Wageni hawapigi."

Watu wananiambia nisikasirike, kila mtu anatafuta riziki. Mimi nimekasirika, na sioni kwa nini nifiche.

Mliokulia Mji Mkongwe mnaijua karakana ninayoisema. Chumba kimoja, baraza nje, maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Ndani alikuwamo mzee, mdogo wake, na kijana wa shamba aliyekuja kujifunza akalala palepale. Kilichowalisha ni makasha na viti vya kukarabati. Udi ilikuwa kazi ya jioni, kwa mtu aliyeagiza na akakubali kungoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee afanye haraka.

Mbavu za tumbo zilikuwa za mninga au mfenesi, unene wa milimita 3 hivi, zinalowekwa kisha zinapindwa taratibu juu ya bomba la chuma lililotiwa makaa, mpaka zifuate kalibu. Mzee akipinda hazungumzi na mtu, na sisi watoto tulikuwa tukinyamaza naye. Ubao ukitoa mlio mdogo wa kupasuka, umeshakwenda, unatupwa jikoni ukachemshe chai. Idadi ya mbavu ni witiri siku zote, 15, 17 au zaidi, kwa sababu mmoja lazima upite katikati ya mgongo. Gundi ilikuwa ya ngozi, inachemka ndani ya kopo la maziwa lililokalishwa kwenye sufuria ya maji, na harufu yake ukiipata mara moja huisahau.

Uso ulikuwa wa msonobari, mwembamba kuliko mbavu. Mdogo wake mzee ndiye aliyekuwa na kazi ya vile vijiti vinavyokingama chini ya uso, vinavyouzuia usibonyee kwa nguvu ya nyuzi. Anakiparuza kijiti kwa patasi, anaunyanyua uso hadi sikioni, anaubisha kwa kifundo cha kidole, anaparuza tena. Vikiwa vinene udi haisemi, vikiwa vyembamba uso unazama. Nimemwona akifanya hivyo toka alasiri mpaka adhana ya magharibi, kwa kijiti kimoja.

Na funguo! Zilikuwa za mpingo, zinachongwa moja moja ili kila moja iingie katika tundu lake tu. Mwisho kijana alizipaka sabuni ya mche na chaki. Sabuni igeuke, chaki isiteleze. Ukizidisha sabuni udi haikai sauti, ukizidisha chaki unavunja mkono. Ndiyo maana nilipokuta funguo zimegandishwa nilihisi kama nimetukanwa pamoja na wazee wangu.

Huu ni mji ambao Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim hadi Misri akajifunze ala, mji wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha 1905, mji aliotoka mwimbaji Siti binti Saad kwenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Sehemu ya Beit-al-Ajaib, lile jumba la masultani, ilipoporomoka Desemba 2020 tulilia wote, simu yangu ilijaa picha na salamu za pole. Karakana ilipokufa sikupata hata ujumbe mmoja. Nyumba itajengwa tena, michoro ipo na mawe yapo. Mkono wa mzee uliokuwa ukijua ubao umefika wakati wa kupinda, nani ameuandika?

Sababu zinajulikana. Kodi imepanda, na mwenye nyumba akipata mtu wa hoteli hasikilizi maranda. Vikundi vya taarabu ya kisasa vilihamia kwenye kinanda cha umeme toka miaka ya 1990. Anayetaka udi hasa anaagiza Misri. Mzee ametangulia, Mungu amrehemu, na mdogo wake macho hayamsaidii tena.

Lakini wapigaji hawajaisha, na hili nalo niliseme kwa haki. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha udi na ile ala nyingine ya nyuzi, kanuni, toka 2002, na nimesikia vijana wakipiga mpaka mwili ukanisisimka. Watoto wapo, ila udi ikipata ufa wanaipeleka kwa nani?

Ndugu mnaokuja likizo kutoka Muscat, Dubai na London, msinunue pambo mkadhani mmenunua ala. Geuza funguo zote mbele ya muuzaji, tena usione haya. Washa taa ya simu, chungulia ndani ya tundu. Usipoona vijiti vimekingama, rudisha na uondoke. Tazama pale shingo inapoungana na tumbo, kama pamejazwa unga wa mbao na gundi, hapo patafunguka musimu wa kwanza wa mvua.

Yule kijana wa shamba nimemtafuta nikampata mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, sasa ni mtu mzima, anafunga makabati ya jikoni. Nilimpelekea udi ya marehemu baba, uso umezama na funguo mbili zimepotea. Aliigeuza, akaubisha uso kwa kifundo cha kidole vilevile, akasema, "Hii inafunguka, inatengenezeka." Anakubali kazi za namna hiyo usiku, akimaliza makabati. Kinachomkwamisha ni vifaa. Nyuzi za udi hapati, na msonobari uliokauka sawasawa hapati. Mwenye nafasi ya kilo moja kwenye begi alete seti za nyuzi, na mwenye udi ya babu juu ya kabati aishushe aniambie. Nitamfikisha kwake mwenyewe.