Lebo nyekundu imebanduka, na mpango wa albamu nimeuacha

Imetoka! Nzima, kona zote nne. Ni ile lebo nyekundu iliyonitoa jasho, ya kiberiti cha Sweden, kiboksi cha mbao nyembamba chenye neno Tanganyika chini kwa herufi ndogo. Nilipewa na bibi mmoja wa Barabara ya 8, Ngamiani, aliyekuwa akiwekea sindano ndani yake. "Mjukuu wangu, na takataka hii waipeleka wapi?" Kwake takataka, kwangu ni Tanga ya kabla ya Muungano wa 1964.

Shida ilikuwa kuibandua. Watu wa stempu watakwambia loweka kwenye maji vuguvugu, basi. Stempu sawa. Wino mwekundu wa lebo hizi hauna subira na maji: lebo ndugu yake niliyoloweka mwanzo ilitoka bakulini kama kiganja cha bi harusi, hina tupu, picha haionekani. Mvuke wa birika nao una vituko vyake. Gundi inalegea, lakini ubao unajikunja na karatasi inakwenda nao, ukigusa tu inachanika katikati. Wembe ndio usiseme, unabakiza nusu ya karatasi kwenye ubao. Ilifika mahali nikatamani kwenda Raskazone nikaitupe baharini yaishe.

Kilichofaa ni kopo la plastiki la kuwekea chakula. Chini sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa sana, juu yake wavu wa dirishani uliokunjwa ili kiboksi kisiguse maji, kisha mfuniko. Gundi ya zamani ya wanga hunywa unyevu wa hewa taratibu, ikalegea wino ukiwa bado umetulia. Hatari ni joto letu hili: ukijisahau, ukungu unakuwahi. Kwa hiyo nilikuwa nafungua asubuhi na usiku, nanusa, nafunga. Kona moja ilipoinuka yenyewe sikuivuta. Nilipitisha kibano chini yake, nikarudisha koponi, nikapitisha tena, mpaka ikaachia.

Kuhusu kibano: cha nyusi mwachieni mwenye nyusi, kina meno. Tafuta cha stempu, chenye ncha bapa. Kukaushia tumia tishu nyeupe isiyo na maua chini ya vitabu vizito, gazeti hapana, wino wake unahama. Na vile vifuko laini vya plastiki ya pivisi (PVC) wanavyouza madukani kwa ajili ya albamu sivitaki hata bure. Kwa hewa ya pwani vinatoka jasho, vinanata, halafu unarudi kulekule kubandua. Vya poliesta ni ghali, lakini utalipa mara moja.

Vile viberiti vya kukunja, vya hotelini, bado vinanisubiri na pini zao zenye kutu. Vya Marekani angalau umri wake unasomeka haraka: sehemu ya kukwaruzia ikiwa mbele, kwa kawaida ni vya kabla ya katikati ya miaka ya 1970, maana baadaye waliihamishia nyuma kwa usalama.

Sasa, nilikuwa nipange albamu kwa miaka: Tanganyika, Muungano, halafu viberiti vya Kibo vya Moshi ambavyo ninavyo tele. Ila nilipochomoa droo ya kile kiboksi chekundu ili kikauke, nikaona penseli kwenye kitako chake: "Sukari ratili 2. Taa chupa 1. Kalipa nusu." Ratili, kipimo cha kabla ya kilo! Deni la duka, limeandikwa pale palipokuwa karibu na mkono. Usiku ule sikulala, nilichomoa droo zote. Kwenye Kibo moja kuna "RTC J'nne alfajiri", bila shaka foleni ya duka la kampuni ya biashara ya mkoa, zile zama za uhaba. Nyingine ina vijiti vya kuhesabia magoli ya dhumna, upande mmoja umefungwa vibaya sana.

Albamu ya miaka basi tena. Napiga picha vitako. Penseli imefifia, kwa hiyo nazima taa ya chumba na kulaza tochi ya simu ubavuni mwa droo, hapo mikwaruzo inapata kivuli na maneno yanasomeka hata pale risasi ya penseli ilipokwisha futika. Wenye viboksi vya wazee huko Makorora na Chumbageni, chomoeni droo mtazame chini. Na tafadhali, msiloweke kitu.